Taa Zote Zinawaka, Intaneti Haipo

Luvungi iko katika Uwanda wa Ruzizi, mkoani Kivu Kusini nchini Kongo, kando ya barabara ya kitaifa namba 5 inayotoka Bukavu, ikateremka Ngomo, ikapita Kamanyola na kuendelea hadi Uvira. Mashariki yake unapita Mto Ruzizi. Ng'ambo ni Burundi, na ukipanda kidogo kuelekea kaskazini ng'ambo hiyo hiyo inakuwa Rwanda. Minara ya simu ya nchi tatu inasikika katika eneo moja, na mawimbi ya redio hayasimami mpakani kuonyesha vitambulisho.

Hapo ndipo matatizo mengi ya wifi ya nyumbani yanapoanzia, ingawa wenye nyumba huyatafuta kwingine kabisa. Familia hununua seti ya meshi, yaani vifaa viwili au vitatu, viitwavyo nodi, vinavyopokezana mawimbi ili wifi ifike kila chumba. Nodi moja huchomekwa kwenye modemu yenye SIM kadi, nyingine huwekwa chumbani, ya tatu kwenye nyumba ndogo ya uani. Siku za kwanza kila kitu kinakwenda. Kisha jioni moja simu zinaonyesha mistari yote ya wifi, taa za nodi ni nyeupe au kijani, na hakuna ukurasa unaofunguka. Lawama zinaangukia nodi. Watu wanazizima, wanaziwasha, wanazirudisha kwenye hali ya kiwandani, na wengine wanakwenda kununua nodi ya nne.

Nodi ya nne haitasaidia kama modemu imehamia Burundi. Modemu iliyowekwa dirisha la mashariki, mnara wa nyumbani ukidhoofika kidogo, huenda ikashika mnara wa Lumitel ya Burundi au wa MTN Rwanda. Ikiwa SIM hairuhusiwi kutumika nje ya nchi, koneksiyo inakufa. Ikiruhusiwa, salio linaliwa kwa bei ya ugenini. Airtel inachanganya zaidi, kwa sababu jina hilo liko Kongo na liko Rwanda pia, hivyo kusoma jina kwenye kioo hakutoshi. Cha kutazama ni tarakimu tatu za mwanzo za namba ya mtandao katika ukurasa wa modemu: 630 ni Kongo, 635 ni Rwanda, 642 ni Burundi. Dawa yake haina gharama. Mtandao uchaguliwe kwa mkono badala ya kuiachia modemu ijichagulie, matumizi ya nje ya nchi yafungwe, na modemu ihamishiwe ukuta wa magharibi.

Wifi ya meshi ni mnyororo wenye sehemu tatu: kutoka mnara hadi modemu, kutoka modemu hadi nodi na kati ya nodi zenyewe, kisha kutoka nodi hadi simu. Mistari ya wifi kwenye simu inapima sehemu ya tatu tu. Inaweza kujaa wakati ile ya kwanza imekatika tangu asubuhi.

Kwa hiyo fundi makini huanza mwanzoni mwa mnyororo. Anachomoa nodi zote, anaunganisha kompyuta kwenye modemu kwa kebo, kisha anajaribu. Intaneti isipopatikana hapo, meshi haina kosa. Ikipatikana, anarudisha nodi moja moja na kupima kila hatua. Anaongeza jaribio jingine dogo: anatuma ping kwa anwani 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Ikijibu, huku majina ya kawaida ya tovuti yakikataa kufunguka, njia ni nzima na kilichokufa ni DNS, lile daftari linalogeuza majina kuwa namba. Katika mipangilio ya ruta anaandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kuwa DNS, na kazi imekwisha.

Kasi nayo inaeleweka vibaya. Wauzaji husema kila nodi ya ziada inapunguza kasi nusu. Ni kweli kwa vifaa vyenye redio moja, kwani redio hiyo lazima ipokee na kutuma kwa zamu. Lakini hesabu ifanywe kwa kipimo cha hapa. Nodi mbili zinazosikilizana vizuri kwa megabiti 200 kwa sekunde, hata zikipoteza nusu, zinabaki na 100. Iwapo SIM inaleta megabiti 10 tu, hakuna atakayehisi tofauti. Maumivu yanaanza nodi zinaposikilizana kwa shida: ukuta wa matofali ya kuchoma, zege, tangi la maji, paa la mabati kati ya nyumba kubwa na ile ya uani. Hapo megabiti 200 zinaweza kushuka hadi chini ya 10, na nusu yake haifiki hata kasi ya SIM yenyewe.

Kosa kubwa ni kuweka nodi mahali palepale ambapo wifi haifiki. Nodi haiwezi kugawa isichopokea. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mawimbi bado yana nguvu. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi ukutani. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ila ndiyo yaliyojaa majirani, na katika masafa hayo chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11 tu. Kwa nyumba ya uani, kebo ya nje iliyofukiwa vizuri hushinda nodi yoyote ya bei ghali.

Umeme ni sura yake peke yake. Bukavu ina mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II mlangoni pake, na bado mgao wa shirika la umeme, SNEL, umekuwa sehemu ya maisha. Luvungi nyumba nyingi hutegemea jua. Ruta na nodi nyingi hutumia volti 12, ndiyo maana mafundi huzifunga moja kwa moja kwenye batri. Mchana, batri ya asidi inapochajiwa, hupanda hadi volti 14 na ushee. Usiku inashuka chini ya 12, nodi inaanza kujizima na kujiwasha, na mwenye nyumba anasema rezo ni mbaya. Kirekebishi kidogo cha volti kati ya batri na ruta huondoa tatizo ambalo wengi wamelihangaikia kwa miezi.

Jingine linaumiza mfuko moja kwa moja. Simu ikiona wifi hudhani intaneti ni ya bure: inapakia picha kwenye hifadhi ya mbali, inasasisha programu, inapakua video za WhatsApp. Wifi inayolishwa na kifurushi cha mega kwenye SIM si ya bure hata kidogo. Kifurushi kinaisha usiku, na asubuhi taa za nodi zinaendelea kuwaka kama kawaida. Android ina sehemu ya kuitaja wifi fulani kuwa inalipiwa kwa kipimo, na iPhone ina hali ya data kidogo. Kila simu ya nyumbani ipangwe hivyo kabla ya lingine lolote.

Tangu Mei 2025, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilipoipa Starlink leseni baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia, kumezuka kasoro mpya: ruta ya Starlink inagawa anwani, na nodi kuu ya meshi inagawa anwani pia. Mbili zikitumia mfululizo mmoja, tuseme 192.168.1, vifaa vinapotea njia. Moja iachiwe kazi hiyo, nyingine iwekwe katika hali ya daraja.

Mkoa huu si mgeni katika elimu ya meshi. Mesh Bukavu, mtandao wa jamii uliojengwa mjini Bukavu, ulikuwa ukitajwa miongoni mwa mitandao ya aina hiyo Afrika muongo uliopita. Kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, mtandao mwingine wa jamii, Pamoja Net, ulianzishwa kwa kuungwa mkono na Mwami Roger Ntambuka. Mitandao ya namna hiyo huishi pale wakazi wenyewe wanapojua kupanda mnarani, kupima volti na kugeuza antena. Ujuzi huo unastahili kufundishwa katika kila shule ya ufundi ya Kivu Kusini, maana kifaa bila mtu wa kukielewa ni mzigo kwa familia iliyojinyima ili kukinunua.

Kuna pia siku ambazo hakuna kosa nyumbani wala mnarani. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti nchini kote, na haikurudi hadi Januari 19. Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikayumba. Siku kama hizo ukiuliza jirani anayetumia kampuni nyingine ya simu, unajua hali ndani ya dakika moja.

Kabla ya kumwita fundi au kwenda Bukavu kununua nodi nyingine, andika mambo manne kwenye karatasi: namba ya mtandao ambao modemu imeshika, salio la mega, volti ya batri saa mbili usiku, na kasi iliyopimwa kwa kebo kwenye modemu. Mpe fundi karatasi hiyo. Akikuambia ununue kifaa kipya bila kuisoma, tafuta fundi mwingine.