Kompyuta ya Mishahara: Programu Yake Ibadilishwe Lini?



Iwe ni kiwanda cha saruji Bugarama au chai ya Shagasha, siku hizi zamu, kilo na mishahara huandikwa katika kompyuta. Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha, kwa mfano Windows. Programu hiyo hutolewa marekebisho mara kwa mara. Je, yawekwe mara moja au yangojwe? Swali hili si la fundi peke yake. Kompyuta ikizimika, anayechelewa kulipwa ni mfanyakazi.

Kuchelewa kuna hasara. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa mmoja katika Windows. Tarehe 12 Mei, kirusi WannaCry kilipita katika ufa huo huo na kufunga kompyuta katika nchi nyingi. Renault ya Ufaransa ilisimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake. Waliokuwa wamekwisha kuuziba ufa walisalimika.

Haraka nayo ina hasara. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, ilisambaza marekebisho mabovu yaliyoangusha mashine zipatazo milioni 8.5 za Windows kwa siku moja.

Basi tufuate kanuni hizi:

Kwanza, tutenganishe mambo mawili. Marekebisho ya usalama yasicheleweshwe. Yajaribiwe katika kompyuta moja, kisha yaenezwe kwa nyingine ndani ya siku chache. Toleo jipya kabisa laweza kungojwa hadi ithibitike kwamba programu ya mishahara na mizani vinakubaliana nalo.

Pili, kungoja kuwe na mwisho. Muda wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoandikishwa katika mpango wa muda wa ziada haipati tena marekebisho ya usalama.

Tatu, kazi hiyo isifanywe siku za kufunga hesabu za mishahara. Kwanza itolewe nakala ya kumbukumbu zote, iwekwe mbali na kompyuta hiyo, na ihakikishwe kwamba inafunguka.

Nne, kompyuta inayoongoza mitambo isiguswe mitambo ikiwa inakwenda. Ingoje siku za matengenezo, na mtengenezaji wa mtambo aulizwe. Wakati wa kungoja, itengwe na intaneti.

Wajumbe wa wafanyakazi wana haki ya kuuliza mambo haya mkutanoni. Majina yetu, namba za vitambulisho na za benki zimo katika mashine hizo, na Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 inamtaka anayezitunza azilinde. Tuulize: nakala iko wapi? Marekebisho ya mwisho yaliwekwa lini? Na mashine ikisimama, daftari la karatasi la kilo na zamu lipo tayari?

Ndugu, kilo isiyoandikwa hailipwi. Tuulize mapema.