ALJEBRA KWA KOMPYUTA: MWALIMU ASIYECHOKA KUULIZA

Aljebra imewatoa jasho vijana wengi. Mtoto aliyezoea kujumlisha na kutoa namba hushangaa anapoikuta herufi katikati ya hesabu, na asiposaidiwa mapema hubaki nyuma mpaka mtihani wa kidato cha nne. Nchini Uganda hesabu ni somo la lazima katika vidato vinne vya kwanza, mwanafunzi awe mjini Kasese au Bwera, karibu na mpaka wa Kongo.

Jambo hili huzigusa sana nyumba za askari na polisi. Baba akipata uhamisho katikati ya muhula, mtoto huacha somo nusu huko Kasese, na afikapo Bwera hukuta wenzake wamekwisha kulivuka. Pengo kubwa zaidi liliwapata watoto wote nchini pale shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022. Aljebra ni ngazi: arukaye kidato huanguka.

KOMPYUTA YAFUNDISHAJE?

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, walitengeneza programu ya kufundishia aljebra iitwayo Cognitive Tutor. Programu hiyo haingoji jibu la mwisho, bali humfuata mwanafunzi hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano wa sokoni. Mama amenunua vikapu 3 vya nyanya vya bei moja, akamlipa mchukuzi shilingi 2,000. Jumla ametumia shilingi 20,000. Kila kikapu ni bei gani? Mwanafunzi huandika 3x + 2,000 = 20,000. Kisha, kwa haraka, hujumlisha 2,000 na kupata 22,000. Kitabu hakiwezi kumzuia. Programu ya namna hii humsimamisha papo hapo na kumpa dokezo: je, fedha za mchukuzi zimo ndani ya zile 20,000, au ziko nje? Akifikiri, atatoa badala ya kujumlisha, apate 18,000; akigawanya kwa 3, atapata 6,000. Kama hatua fulani humshinda kila mara, huongezewa mazoezi ya hatua hiyo mpaka aimudu.

SI DAWA YA SIKU MOJA

Shirika la utafiti la RAND liliipima programu hiyo katika shule 147 za Marekani, likatangaza matokeo mwaka 2013. Mwaka wa kwanza haikuonekana faida. Mwaka wa pili wanafunzi wa sekondari za juu walisonga mbele: aliye wa 50 kutoka chini kati ya wanafunzi 100 angepanda hadi nafasi ya 58. Tena walimu waliendelea kufundisha darasani sehemu kubwa ya juma. Kompyuta haimwondoi mwalimu. Yamhitaji, na yahitaji subira.

Palipo na intaneti dhaifu, ipo Kolibri, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality. Masomo na mazoezi yakishapakiwa, hutumika bila intaneti. Haimfuati mwanafunzi kwa undani kama ile ya Pittsburgh, lakini husahihisha majibu papo hapo.

WAJIBU WA WAZAZI

Kwanza, muulizeni mwalimu mkuu kama kompyuta za shule hutumika kwa hesabu pia. Pili, mtoto aandike kila hatua daftarini, maana mtihani hufanywa kwa kalamu. Tatu, mkipata uhamisho, mwombeni mwalimu aandike mahali mtoto alipofikia, na daftari lake lisafiri pamoja naye.

Na nyumba isiyo na kompyuta isikate tamaa. Mzazi, hata asiyejua aljebra, aweza kuketi na mwanawe jioni na kumwuliza kwa upole kila baada ya mstari: “Hapa umefikaje?” Mtoto anayejieleza mara nyingi huligundua kosa lake mwenyewe.