Kutafuta Vitabu vya Kiswahili Vilivyoadimika: Tuanzie Wapi?

Moja kati ya matatizo yanayotukabili sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya Kenya na Tanzania ni kuadimika kwa vitabu vya zamani. Mwanafunzi hukiona kitabu katika marejeo ya wengine, akakikosa maktabani, kisha akakinukuu bila kukisoma. Kama aliyemtangulia alikosea, naye hulirithi kosa hilo.

Hata hivyo, kitabu kisichochapishwa tena si lazima kiwe kimepotea. Mara nyingi kipo, ila kimeorodheshwa kwa jina tusilolitazamia. Kwa hiyo, kabla ya kukitafuta, tujue kwanza kilichapishwaje.

Tuchukue maisha ya Tippu Tip. Maandishi hayo yalitoka kwanza Berlin mwaka 1902 na 1903, katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, 1958-1959. Anayetafuta kwenye rafu za vitabu tu anaweza kupitwa, kwani matini iko kwenye majarida.

Mfano wa pili ni *Swifa ya Nguvumali* ya Hasani bin Ismail. Utenzi huu ulichapishwa Oxford mwaka 1968 ukihaririwa na Peter Lienhardt, na jina la jaladani ni *The Medicine Man*. Huenda ukawekwa pamoja na vitabu vya anthropolojia.

Tahajia nayo hupoteza watu. Kitabu cha Carl Velten cha mwaka 1903 kinaitwa *Desturi za Wasuaheli*. Ukiandika "Waswahili" unaweza usikipate. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka 1981, lakini kwa anayechunguza lugha haiwezi kushika nafasi ya matini asilia.

Aidha, tuchunguze historia ya mchapishaji. *Kurwa na Doto* na *Mzimu wa Watu wa Kale* vilitolewa mwaka 1960 na East African Literature Bureau. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shughuli za shirika hilo nchini Kenya zilirithiwa na Kenya Literature Bureau.

Kwa ufupi, tunashauri yafuatayo:

(a) Tafuta kwa jina la mwandishi, la mhariri na la mfasiri. Majina yenye "bin" yajaribiwe kwa kila sehemu: Hasani, kisha Ismail.

(b) Muulize mkutubi kuhusu majarida ya zamani. Kamati ya Kiswahili ilikuwa Makerere kuanzia 1952 hadi 1962, kisha ikahamia Mombasa na baadaye Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa Afrika Mashariki, na SOAS mjini London ina hazina kubwa.

(c) Ukikipata, nakili kwanza ukurasa wa jina na ule wa nyuma yake, ndipo unakili sehemu unayoihitaji. Nakala isiyo na mwaka wala mchapishaji itamsumbua atakayekufuata.

Tunawaomba walimu wenzetu na wanafunzi walio na vitabu vya aina hii nyumbani waiarifu idara, ili tujue kilichopo karibu kabla ya kukifuata mbali.