Mbolea ya Kupandia na Mbolea ya Kukuzia katika Bustani ya Mboga

Mwanafunzi, swali la mbolea huwapotezea watahiniwa wengi alama kwa sababu hutaja majina ya mbolea bila kueleza hutumika lini na kwa nini. Kosa hilohilo likifanyika bustanini, fedha hupotea na mboga hubaki dhaifu. Tuchukue mfano wa tuta la sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Kwanza, kabla ya kupandikiza miche, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huweza kuunguza mizizi, na mara nyingi huwa na mbegu hai za magugu. Iliyoiva haina harufu kali, na ukiifikicha mkononi huvunjika kama udongo.

Pili, wakati wa kupandikiza, miche huhitaji fosforasi ili kukuza mizizi. Kirutubisho hiki hakisafiri mbali katika udongo, hivyo lazima kiwe karibu na mizizi. Ndiyo maana DAP, yenye naitrojeni asilimia 18 na fosfeti asilimia 46, huwekwa ndani ya shimo, kisha hufunikwa kwa udongo kidogo ili isiguse mizizi.

Tatu, naitrojeni hujenga majani, lakini ikiwa katika umbo la naitreti huchukuliwa kwa urahisi na maji hadi chini ya mizizi. Ukiiweka yote siku ya kupanda, nyingi itapotea kabla mmea haujaitumia. Weka CAN au urea miche ikishashika, takribani wiki 3 baada ya kupandikiza, udongo ukiwa na unyevu. Fukia urea, kwani ikiachwa juu ya udongo, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani kama gesi ya amonia.

Utajuaje kuwa naitrojeni imepungua? Majani ya chini huanza kuwa ya manjano, kwa kuwa mmea huihamisha kutoka majani yaliyokomaa kwenda majani machanga.

Mfano wa hesabu: Tuta linahitaji gramu 92 za naitrojeni. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Kiasi cha urea = 92 × 100 ÷ 46 = gramu 200.

Zingatia: Katika jibu lako, taja aina ya mbolea, wakati wa kuiweka na sababu. Ukiacha sababu, jibu halijakamilika.

Swali la kujipima: Kwa nini DAP haifai kuwekwa juu ya udongo mboga zikiwa zimeshakua?