Shina Jembamba Dirishani (Sehemu ya Tatu)

Tangu Aprili 1, 2024, mkazi wa Ujerumani aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa na sheria kuotesha nyumbani mimea isiyozidi mitatu ya bangi kwa matumizi yake mwenyewe. Bunge la nchi hiyo liliipitisha sheria hiyo Februari mwaka huohuo baada ya mabishano marefu, huku aliyekuwa Waziri wa Afya, Karl Lauterbach, akiitetea kwa hoja ya kuwakata miguu walanguzi. Serikali ya Friedrich Merz, iliyoingia madarakani Mei 2025, iliahidi kuifanyia tathmini. Siasa hizo zina wenyewe. Linalouhusu mfululizo huu ni jambo dogo lililozuka pembeni: watu ambao hawajawahi kushika jembe wamejikuta wakilea miche katika vyumba vya ghorofa, na msiba wao wa kwanza ni shina.

Mbegu huota vizuri. Siku chache baadaye majani mawili ya mwanzo yamefunguka. Kabla wiki ya pili haijaisha mche umekwenda juu kama uzi, rangi imepauka, na asubuhi moja unakutwa umelala ubavu kwenye ukingo wa chungu.

Hapa kwetu, Tanzania na Kenya, kulima bangi ni kosa la jinai, na makala haya hayamshawishi mtu kujaribu. Lakini shina la bangi halina kanuni zake peke yake. Nyanya, pilipili hoho, kabichi na mpapai hurefuka na kuanguka kwa sababu zilezile, na kila aliyewahi kusahau kuondoa kichanja juu ya kitalu chake anaijua hasara yake.

Wasomaji waliofuatana nasi tangu mwanzo wanazikumbuka kofia za karatasi ya bati ambazo Charles Darwin na mwanawe Francis walizivika nyasi changa. Wanaikumbuka pia fitokromu, kipokezi kilichomo ndani ya mmea ambacho hulinganisha nuru nyekundu na nuru nyekundu ya mbali. Hatutayarudia. Itoshe kusema kwamba mjini Berlin mwezi Desemba mchana haufiki hata saa nane, na jua lenyewe hupita chini sana upande wa kusini. Nyumba nyingi za huko zina chuma cha kupasha joto chini kabisa ya dirisha. Mche uliowekwa hapo unapata joto la kiangazi na nuru ya masika. Joto linauhimiza ukue, nuru haiupi cha kujengea, basi akiba yake yote inaishia kwenye urefu.

Msongamano nao una sehemu yake. Mwaka 1990 Carlos Ballaré na wenzake wa Argentina walionyesha katika jarida la Science kwamba miche huanza kurefuka hata kabla jirani hajaitia kivuli. Jani la kijani hufyonza nuru nyekundu na kuirudisha ile nyekundu ya mbali, na shina la jirani huipokea nuru hiyo kama habari ya ushindani unaokuja. Watafiti hao waliyazungushia mashina vikoba vyembamba vyenye maji ya mrututu, ambayo huizuia nuru nyekundu ya mbali, na mashina yakaacha kukimbilia juu. Wakulima wa Ulaya wanaolima bangi ya nyuzi, ile isiyolevya, huitumia tabia hiyo makusudi. Hupanda kwa kubananisha ili mashina yatoke marefu, membamba na yasiyo na matawi, kwa kuwa uzi mrefu ndio wenye soko. Kinachomliza mkulima wa dirishani ndicho kinachomlipa mkulima wa kamba.

Nuru, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ndiyo iliyomfanya mwandishi huyu aipende elimu ya mimea tangu ujana wake, na mzee wake mkubwa ni bwana mmoja wa Herefordshire, magharibi mwa Uingereza, aliyekuwa na bustani ya matofaa.

Thomas Andrew Knight aliishi kati ya 1759 na 1838. Alikuwa mwenye ardhi, mtu wa kujifungia na miti yake, na baadaye akaiongoza Jumuiya ya Bustani ya London kwa miaka 27. Wagiriki wa kale walishaona kwamba mti wa mahali palipokingika hurefuka na kunyooka, na wa mahali penye upepo huwa mfupi wenye mbao ngumu. Theophrasto aliliandika jambo hilo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Lakini kuona si kupima. Knight alitaka kupima.

Alichagua mitofaa michanga yenye unene wa takriban inchi moja. Mingine aliifunga kwenye nguzo hadi usawa wa futi tatu hivi, sehemu ya chini isiweze kutikisika kabisa, huku vilele vikibaki huru. Mingine aliiacha icheze na upepo itakavyo. Mmoja aliufunga kwa ujanja zaidi: uliweza kuyumba kuelekea kaskazini na kusini, lakini si mashariki wala magharibi. Kisha akasubiri msimu upite.

Mitofaa iliyofungwa ilinenepa kidogo mno pale ilipobanwa, na ikanenepa vizuri juu ya kamba, palipokuwa na uhuru. Iliyoachwa huru iliizidi. Ule uliokuwa ukiyumba upande mmoja tu ulikuwa umeacha kuwa wa mviringo: unene wake wa kaskazini na kusini ulikuwa 13 kwa 11 ukilinganishwa na ule wa mashariki na magharibi. Mti ulikuwa umeongeza mbao palepale ulipotikiswa. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1803 katika jarida la Royal Society, na hadi leo haijapata kukanushwa. Ufafanuzi wake ndio uliopitwa na wakati. Knight alidhani mtikisiko unausaidia utomvu kushuka. Alikosea sababu, akapatia kipimo, na katika sayansi anayepatia kipimo hudumu kuliko anayepatia maneno.

Vifaa vyake vilikuwa kamba, nguzo na kipimo cha unene. Miaka mitatu baadaye alifunga mbegu za maharage kwenye gurudumu lililosukumwa na kijito cha bustani yake, likazunguka kama mara 150 kwa dakika, akaonyesha kwamba mizizi inaweza kudanganywa kuhusu upande wa chini ulipo. Hilo litakuja kwenye makala ya mizizi. Limetajwa hapa ili vijana wetu wanaosema hakuna sayansi bila mashine za mamilioni wapate la kufikiria.

Baada ya Knight jambo hili lilikaa kimya karne nzima na zaidi, likaibuka tena kwa bahati mbaya. Mmarekani Frank Salisbury alikuwa akifuatilia ukuaji wa majani ya gugu moja lenye mbegu za miiba kwa kuyapima kwa rula kila siku. Majani aliyoyapima yalibaki madogo kuliko yale ambayo hakuyagusa, na mengine yalikufa. Mpimaji alikuwa ndiye ugonjwa. Mwaka 1971 Neel na Harris wa Chuo Kikuu cha California walitikisa miche ya mti uitwao liquidambar kwa sekunde 30 tu kwa siku, ndani ya kitalu nyumba kisicho na upepo. Miche hiyo haikufika hata theluthi ya urefu wa wenzao walioachwa watulie.

Mark Jaffe wa Ohio ndiye aliyelipa jambo hili jina lake la kitaalamu mwaka 1973: thigmomofojenesisi, yaani mmea kubadili umbo kwa sababu ya kuguswa. Kazi yake nyingi ilihusu maharage. Alikuwa akisugua shina taratibu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada mara kadhaa kwa siku. Shina lililosuguliwa lilipunguza kasi ya kurefuka na likaongeza unene. Aliposimamisha kusugua, siku chache baadaye lilirudia mwendo wake wa zamani. Mmea haukuwa umeumizwa. Ulikuwa umepata taarifa na kuifanyia kazi.

Taarifa hiyo inasafirije? Mwaka 1990 Janet Braam na Ronald Davis wa Stanford walikuwa wakinyunyizia mimea homoni ili waone ni jeni zipi zinazoamka. Jeni ziliamka kweli, ila ziliamka vilevile kwenye mimea iliyonyunyiziwa maji matupu. Kumbe homoni haikuwa na lolote. Ni matone yenyewe yalivyogonga majani. Ndani ya nusu saa baadhi ya jeni hizo zilikuwa zikifanya kazi mara mia kuliko kawaida, na baadhi yake zinahusika na protini zinazoshikana na kalsiamu. Mwaka uliofuata Knight mwingine, Marc Knight wa Edinburgh, pamoja na wenzake, waliipachika mitumbaku protini ya yavuyavu wa baharini ambayo hung'aa ikikutana na kalsiamu. Mche ulipoguswa, papo hapo ulitoa mwanga hafifu ulionaswa na mitambo. Kifauongo kinachofumba majani mbele ya watoto hutuhadaa tukadhani chenyewe tu ndicho chenye kuhisi. Mimea mingine nayo huhisi. Majibu yake huchukua siku.

Wakulima wa Japani hawakusubiri jeni. Kwa karne nyingi wamekuwa wakipita juu ya ngano na shayiri changa wakati wa baridi, wakizikanyaga kwa miguu, mazoea wanayoyaita mugifumi, na siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa gurudumu zito. Mmea uliokanyagwa hutoa machipukizi zaidi na shina fupi lisiloanguka. Mgeni akipita kando ya shamba angedhani mwenye shamba amerukwa na akili.

Mwandishi huyu ameiruka makusudi ile habari ya Biosphere 2, jengo la vioo la Arizona ambamo watu wanane waliishi kuanzia 1991 hadi 1993 na miti yake ikalegea kwa kukosa upepo. Ni habari ya kweli, lakini wahamasishaji wameigeuza hubiri la kila semina kiasi kwamba mti wenyewe umesahaulika.

Turudi basi kwa yule wa Berlin, ambaye chungu chake kingali dirishani. Tatizo lake lina soko. Maduka yanamuuzia chupa za virutubisho vya kuimarisha shina, na wenzetu wa vitalu vya nyanya wanauziwa chupa za namna hiyohiyo kwa lebo nyingine. Mche uliorefuka kwa kiu ya nuru haudai mbolea. Nitrojeni ya ziada huuongezea majani mazito juu ya shina lilelile dhaifu. Tamaa ya dawa ya haraka ni ugonjwa wa mwenye mche, si wa mche.

Uondolewe juu ya chuma cha joto. Uwekewe taa ya LED yenye buluu ya kutosha, maana nuru ya buluu huzuia shina kurefuka, iwashwe saa 18 kwa siku, ikae karibu kadiri majani yanavyoweza kustahimili bila kuungua. Feni ndogo ipulize kiasi cha kuyatetemesha majani, isielekezwe kwa nguvu ikaukausha udongo na mche pamoja. Mche uliokwisha kulala uongezewe udongo kulizunguka shina, na ukifungiwa kijiti, kamba iwe legevu ili shina liendelee kuyumba, kisha kijiti kiondolewe mapema; aliyekisahau amefanya alichokifanya Knight kwa mitofaa yake iliyofungwa. Ikiwa shina limenywea na kuwa jeusi palepale linapogusa udongo, hiyo si njaa ya nuru, ni kinyausi, ukungu unaopenda udongo uliolowa kupita kiasi. Huo hauponi kwa feni wala taa. Mche ung'olewe na udongo ubadilishwe.

Kwa mkulima wa nyanya wa Ilula au Mwea habari ni nyepesi zaidi, kwa sababu jua na upepo anavyo bure. Apande mbegu chache kwa mstari, apunguze kivuli cha kichanja siku baada ya siku, na wiki ya mwisho kabla ya kupandikiza apunguze maji na aiache miche ipigwe na upepo. Maofisa ugani wamelisema hilo miaka mingi. Sasa msomaji anajua kinachotokea ndani ya shina.

Limebaki ombi kwa walimu wa biolojia. Somo hili linafundishwa kwa chaki wakati maharage yanauzwa kila genge. Chukueni makopo mawili, mpande maharage manne katika kila moja, myaweke dirisha moja na kuyapa maji sawa. Majani ya kweli yakishatoka, mwanafunzi asugue mashina ya kopo la kwanza kwa vidole viwili, kutoka chini kwenda juu, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. La pili lisiguswe. Baada ya wiki mbili pimeni urefu kwa rula na unene kwa uzi uliozungushwa shina, kisha leteni vipimo kwa mhariri. Vitachapishwa katika makala yajayo pamoja na jina la shule.