Tamko likishasomwa, katekista anabaki kijijini

Parokia ya Mnero, wilayani Nachingwea, iko chini ya Jimbo Katoliki la Lindi. Askofu wake, Wolfgang Pisa, Mkapuchini aliyeteuliwa mwaka 2022, ndiye pia Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) tangu Juni 2024. Kwa hiyo tamko zito la TEC, lile linalozungumzwa hadi Dodoma, linatoka kwa baraza linaloongozwa na mtu ambaye Mnero wanamjua kama askofu wao wa Kipaimara.

Kazi ya kutoa matamko ina hatari zake. Usiku wa Aprili 30, 2025, Katibu Mkuu wa TEC, Padri Charles Kitima, alipigwa na kitu kizito kichwani akiwa Kurasini, Dar es Salaam, yalipo makao makuu ya baraza. Alikuwa amezoeleka kusema kuhusu uchaguzi na haki bila kumung'unya maneno. Nia ya aliyempiga ni kazi ya polisi na mahakama kuieleza, ingawa wengi mitaani hawakusubiri maelezo.

Walutheri nao walionja. Waraka wao wa Pasaka wa mwaka 2018 uligusa hali ya siasa nchini, na kama miezi miwili baadaye Msajili wa Vyama akawaandikia waufute ndani ya siku 10. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, aliikana barua hiyo. Jambo linalosahaulika ni kwamba maaskofu ambao hawakuusambaza waraka katika dayosisi zao walichukuliwa hatua na maaskofu wenzao. Kunyamaza nako kulikuwa na gharama. Na Uganda haijasahau: Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu wa Kianglikana kumwandikia Idi Amin.

Hao wote, hata hivyo, walikuwa na jina na baraza nyuma yao. Mimi wasiwasi wangu uko kigangoni.

Padri hafiki kila Jumapili, kwa hiyo ibada inaongozwa na katekista. Ndiye anayesimama kusoma tamko la maaskofu, na benchi la mbele huenda amekaa mwenyekiti wa kijiji, pembeni yake karani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Akisoma neno kwa neno, anaweza kusingizia karatasi. Akiongeza sentensi moja yake mwenyewe, kwamba hata mzani wa korosho hapa kwetu unapunja, basi msimu ukifika ni gunia lake litakaloambiwa ni daraja la pili. Hakuna atakayemkamata wala gazeti litakaloandika. Watu wataacha tu kumsalimia, na shughuli za msibani zitapangwa bila yeye.

Aibu yetu waumini ni kwamba tunampigia makofi askofu kwa ujasiri, kisha tunasema katekista "anajitafutia makubwa."

Baba Askofu na mapadri wake wamfikirie mtu huyo kabla ya kutuma karatasi. Tamko likisomwa, padri afike kigangoni wiki ileile, akae naye hadharani, watu waone. Na ili tamko liaminike, mapato na matumizi ya parokia yasomwe kwanza, senti kwa senti, ndipo ya Serikali yafuate.