Nani Aliyeshusha Ujira wa Kibarua Goma?

Kibarua wa Goma anayelipwa kidogo hakosi wa kumlaumu: mkimbizi wa ndani aliyetoka Masisi au Rutshuru, anayekubali kushusha gari la makaa kwa bei ambayo mwenyeji aliikataa jana. Wauzaji wakizidi, bei hushuka, nani atabisha? David Card, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, alibisha. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliingia Marekani, nusu hivi wakabaki Miami, na idadi ya wafanyakazi mjini ikapanda kwa asilimia 7. Utafiti wa Card wa 1990 haukuona ujira wa wenyeji ukianguka. Mgeni naye anakula, anapanga chumba, ananyolewa: anauza jasho lake huku akinunua la wengine.

Hata hivyo, Miami si Birere, mtaa wa Goma. Na hata huko Miami, mchumi George Borjas aliwachambua peke yao wanaume wasiomaliza sekondari, akaona wameumia, ingawa wapinzani wake wanasema kundi alilolipima ni dogo mno. Ushahidi ulio jirani nasi uko Kagera, Tanzania, walikomiminika wakimbizi wa Burundi na Rwanda mwaka 1993 na 1994. Wachumi Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walikuta vibarua wa mashambani wamebanwa na ushindani na bei za vyakula, huku wakulima wenye mashamba wakineemeka kwa mikono ya bei rahisi. Basi mlalamikaji wa Goma hasemi uongo. Ila anamwona mshindani wake tu, hamwoni mwajiri aliyebaki na tofauti ya bei. Sheria nayo haimfikii kibarua huyo: kima cha chini cha faranga 7,075 kwa siku, kilichowekwa mwaka 2018, hakikuwa na maana kwa msukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha mizigo, asiye na mkataba.

Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, kambi za wakimbizi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa, watu wakatawanyika. Kama mkimbizi angekuwa ndiye chanzo, kazi ingefunguka. Badala yake ilizidi kukauka, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa, uwanja wa ndege pia, na fedha taslimu haikuonekana. Mtu atasema mambo mawili yalitokea kwa pamoja, kwa hiyo kipimo hicho kimechafuka. Ni kweli, hakitoshi kukadiria mchango wa kila upande. Kinatosha kuonyesha kwamba kuondoka kwa washindani wote hao hakukuweza kufidia kupotea kwa fedha ya kuwalipa vibarua waliobaki.